Udongo wa Juu Ndio Unaoshika Daraja



Mtu akisimama kando ya njia ya reli na kutazama daraja hufikiri kwamba nguzo zake zina kazi moja tu, nayo ni kubeba uzito: uzito wa chuma, wa injini, wa mabehewa na shehena yake. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Daraja husukumwa kutoka kando pia, usiku na mchana. Mzigo wa juu unajulikana na kila mtu, hata mtoto. Mzigo wa kando huzungumzwa na mainjinia wao kwa wao, katika ofisi zao, kwa maneno yao. Sisi watu wa njia twaona haifai jambo hili kubaki huko. Wanaochimba mitaro karibu na madaraja ni sisi. Wanaorundika udongo ni sisi. Wanaopita kwa miguu baada ya mvua na kuona maji yamekula wapi ni sisi. Kama jambo linahusu maisha ya watu, yatupasa kulijua, tena yatupasa kuwa na ruhusa ya kulisema.

Kwanza tueleze ni nguzo zipi tunazosema. Hatusemi zile ndefu unazoziona zikisimama mtoni. Twasema zile zilizo chini yake, zilizopigiliwa ardhini kwa nyundo kubwa ya mashine, au zilizomiminwa zege ndani ya tundu lililotobolewa, mpaka kina cha mita 10, 20 au zaidi. Vichwa vyake hufungwa pamoja kwa kofia nene ya zege, na juu ya kofia hiyo ndipo husimama nguzo ya daraja inayoonekana. Hizi za chini tutaziita nguzo za msingi, na tunamwomba msomaji asizichanganye.

Sasa, ni nani anayezisukuma kando? Kwanza ni treni yenyewe. Dereva akifunga breki, magurudumu huivuta reli mbele, reli hulivuta daraja, na daraja huzivuta nguzo. Injini ikianza kuvuta mzigo, mambo huwa kinyume, reli husukumwa nyuma. Kanuni za Ulaya za madaraja ya reli humwambia injinia ahesabu breki kuwa karibu tani 2 kwa kila mita ya daraja iliyo chini ya treni, isizidi tani 600 kwa jumla, na mvuto wa injini kuwa zaidi ya tani 3 kwa mita, usizidi tani 100. Tena humwambia aweke tani 10 za teke la kando juu ya reli hata kama njia imenyooka, kwa sababu behewa haliendi kama mshale. Huyumba huku na huku, na kila aliyewahi kupanda behewa la mwisho anajua hivyo bila kusoma kanuni yoyote. Penye kona treni husukuma nje. Upepo husukuma ubavu wa mabehewa. Mto ukifurika huleta maji pamoja na magogo. Na ule ukuta wa mwisho wa daraja, unaozuia tuta la reli lisimwagikie mtoni, husukumwa na udongo wa tuta kila saa, hata siku ambayo hakuna treni.

Mizigo hiyo yote hushuka mpaka kwenye nguzo za msingi. Nguzo haiwezi kuizuia kwa nguvu zake peke yake. Huegemea udongo, na udongo huisukuma nayo. Basi swali ni hili: ni udongo upi unaofanya kazi hiyo, wa juu au wa chini?

Kila mtu wa genge amewahi kusimika nguzo ya ua au mlingoti. Ukiusukuma mlingoti mfupi kichwani, kichwa huenda mbele, na mguu wake chini ya ardhi hupiga teke kurudi nyuma. Mahali fulani kati, karibu zaidi na mguu, kuna sehemu isiyokwenda mbele wala nyuma. Ndiyo maana wazee wa genge hututaka tuweke jiwe kubwa upande wa mbele karibu na uso wa ardhi, na jingine upande wa nyuma karibu na mguu, kisha tushindilie. Hawakusema kwa nini, lakini walikuwa sawa kabisa.

Nguzo ndefu ya daraja haifanyi hivyo. Mguu wake uko mbali mno, umeshikwa sana, hauwezi kupiga teke. Nguzo hupinda. Na kwa jambo hili sisi watu wa reli tuna bahati, kwa sababu mfano wake tunautazama kila siku. Mwaka 1867 mtaalamu wa Ujerumani, Emil Winkler, alitoa hesabu ya boriti iliyolala juu ya ardhi, akiihesabu ardhi kana kwamba ni safu ya springi nyingi, kila springi ikisukuma kadiri inavyobonyezwa. Mwaka 1888 Hermann Zimmermann alitoa kitabu kizima cha kuhesabu njia ya reli kwa namna hiyo: reli juu, mataruma na kokoto chini. Waliofuata wakaichukua reli ile ile, wakaisimamisha wima ndani ya udongo, wakapata hesabu ya nguzo iliyosukumwa kando. Hesabu ya nguzo za daraja ilizaliwa katika njia ya reli.

Simama, basi, mbali kidogo na njia utazame gurudumu likipita. Reli hubonyea chini ya gurudumu. Hatua chache mbele ya gurudumu huinuka kidogo sana. Mbali zaidi haina habari. Huwezi kuitazama reli ya mita 50 mbele ukajua kama gurudumu ni la behewa tupu au la behewa lililojaa. Hivyo hivyo nguzo ya msingi. Ikisukumwa kichwani, udongo ulio karibu na kichwa ndio unaobonyezwa na ndio unaobeba. Chini kidogo nguzo hurudi nyuma kidogo. Chini kabisa haina habari.

Sehemu inayofanya kazi, kwa udongo wa kawaida, ni kama upana wa nguzo mara 5 mpaka mara 10. Nguzo ya upana wa sentimita 60 huwa imemaliza kazi yake ya kando katika mita 3 mpaka 6 za juu. Iwe imeingia mita 12 au mita 25, kwa kubeba uzito kuna tofauti kubwa. Kwa kusukumwa kando hakuna tofauti ya maana. Tunaomba kila mwanachama alishike neno hili, maana yote yatakayofuata yanasimama juu yake.

Tena huo udongo wa juu unaotegemewa hivyo ndio ulio dhaifu kuliko wote. Ule wa chini umebanwa na uzito wa wenzake, hauna pa kukimbilia. Wa juu ukisukumwa huinuka na kupasuka kuelekea juu, kama udongo wa jembe. Bengt Broms wa Sweden, aliyeandika mwaka 1964, alishauri kwamba katika udongo wa mfinyanzi kipande cha juu kabisa, upana wa nguzo mara moja na nusu, kisihesabiwe hata kidogo. Kwa hiyo ukiondoa kile kisichohesabiwa juu, na kile kisichofanya kazi chini, inabaki mita chache tu zinazoshika daraja.

Na mahali ambapo nguzo hupinda kwa nguvu zaidi si pale unapopaona. Ni mita moja, mbili au tatu chini ya uso wa ardhi. Nguzo ikipata ufa huupata gizani. Hutauona kwa macho, wala kwa kupita na taa.

Vichwa vya nguzo vikifungwa vizuri na kofia ya zege, visiweze kuinama, nafuu ni kubwa. Katika udongo ulio sawa juu na chini, hesabu ya Winkler inatoa kwamba kichwa kilichofungwa husogea nusu tu ya kichwa kilicho huru. Ndiyo maana tunapoona kofia ya zege imepasuka, nondo zake zikitoka kutu, tusiandike katika daftari kwamba ni ufa wa plasta. Lakini kofia haimalizi shida, kwa sababu nguzo zilizopangwa mstari hutiliana kivuli. Ile ya mbele husukuma udongo mzima. Ya nyuma yake husukuma udongo ambao mwenzake amekwisha kuulegeza. Zikikaribiana kiasi cha upana mara 3, zile za nyuma hubeba kidogo kuliko ya mbele. Nguzo 9 si nguvu ya nguzo moja mara 9.

Jambo jingine ni kurudiarudia. Mwaka 1966, huko Mustang Island katika Texas, walipigilia nguzo za chuma za upana wa sentimita 61 mpaka kina cha mita 21 mchangani, wakazisukuma, kwanza kwa msukumo wa kuongezwa polepole, kisha kwa misukumo ya kwenda na kurudi. Ile ya kwenda na kurudi ilionyesha udongo ukishika kwa nguvu ndogo zaidi. Majaribio yale yalifanyiwa minara ya mafuta baharini, ambayo hupigwa na mawimbi. Lakini sisi tunauliza: ni nani anayesukuma na kurudi zaidi ya treni? Kila treni ni breki, kila treni ni mvuto. Katika udongo wa mfinyanzi nguzo inayotikiswa hivyo hujichimbia nafasi pembeni yake, na kabla udongo haujaanza kuishika yabidi kwanza nguzo iipite nafasi hiyo.

Wenzetu wa Athi River na Embakasi hawahitaji kwenda Texas kuona hayo. Udongo mweusi wa huko wakati wa kiangazi hukauka, hujikunja na kupasuka. Pembeni ya mlingoti huonekana mwanya ambamo vidole huingia. Mvua ikija udongo huvimba tena, mwanya huziba, na anayekuja kukagua mwezi wa Mei ataandika kwamba hali ni njema.

Sasa tuje kwenye maafa, maana hesabu bila maafa watu huisahau.

Tarehe 27 Juni 2009, mjini Shanghai katika China, nyumba ya ghorofa 13 ililala chini nzima nzima, kama sanduku lililosukumwa. Ilikuwa nyumba mpya iliyokuwa bado inajengwa, haijahamiwa na watu. Ilisimama juu ya nguzo za msingi za zege zenye uwazi katikati. Upande mmoja wa nyumba palichimbwa shimo la gereji ya chini ya ardhi, kina cha mita 4.6. Udongo ulirundikwa upande wa pili, mpaka kimo cha karibu mita 10. Mvua zikanyesha. Rundo lile zito liliubonyeza udongo wa chini, udongo ukatafuta pa kwenda, na mahali palipokuwa wazi ni lile shimo. Njiani ukazikuta nguzo. Nguzo hazikushindwa na uzito wa ghorofa 13, kwa maana uzito huo zilikwisha kuubeba. Zilikatwa kwa kusukumwa kando. Mfanyakazi mmoja alikufa. Hakuwa injinia, hakuwa mwenye nyumba, wala hakuwa yeye aliyeamua rundo likae wapi.

Hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hawalifahamu: kwamba udongo, ambao siku zote ndio rafiki wa nguzo, unaweza kugeuka ukawa ndio unaoisukuma. Tarehe 16 Juni 1964, tetemeko la ardhi lilipiga Niigata katika Japani. Daraja la Showa lilikuwa limekwisha kujengwa mwaka huo huo. Nguzo zake za chuma zilikuwa na urefu wa mita 25. Mchanga uliojaa maji ukatikiswa ukawa kama uji, ukasogea, na vipande 5 vya daraja vikaanguka mtoni. Nguzo moja ilipofukuliwa baadaye ilikutwa imepinda chini ya ardhi. Hapa kwetu matetemeko kama yale si ya kawaida, lakini rundo la udongo na shimo kando ya nguzo ni mambo ya kila mwezi.

Sisi wenyewe tumeona. Mahali fulani kontrakta mmoja alileta mashine akachimba mtaro wa mita 2 kando ya msingi wa daraja, ili apitishe bomba. Udongo alioutoa akaurundika upande wa pili wa msingi ule ule, kwa sababu lori lilikuwa halijafika. Mzee mmoja wa genge akamwendea msimamizi wa kazi.

"Bwana, shimo hili halitaziumiza nguzo?"

"Mzee, nguzo hizi zimeingia mita 20. Mtaro wa mita 2 utazifanya nini?"

"Haya, bwana."

Mzee akarudi kwenye kokoto zake. Treni ziliendelea kupita. Baada ya wiki mbili bomba likawekwa, mtaro ukafukiwa kwa koleo bila kushindiliwa, na hakuna kilichoanguka. Ubaya wa habari hii ndio huo, kwamba hakuna kilichoanguka. Kila aliyekuwapo alijifunza kwamba haidhuru, na mara nyingine mzee yule hatauliza.

Lakini tutazame hesabu ya bwana yule. Yeye alichukua 2 katika 20, akapata sehemu ya 10, akaona ni kidogo. Nguzo zikiwa za sentimita 60, zinazoshikwa kando na mita 6 za juu, hesabu ya haki ni 2 katika 6, yaani theluthi. Tena haikuishia hapo. Ukiondoa mita 2 za udongo, mahali pa kusukumwa pamekuwa juu zaidi ya ardhi kwa mita 2, na mkono mrefu hupinda kuliko mkono mfupi. Muulize mtu yeyote anayefungua nati kwa spana. Na udongo uliorudishwa kwa koleo si ule uliotoka. Udongo wa zamani ulibanwa na miaka. Huu mpya ni wa jana. Kwa macho mahali pale ni sawa na zamani, lakini kwa nguzo hapako sawa.

Maji hufanya kazi hiyo hiyo bila kuomba ruhusa. Mto ukifurika huchimba zaidi pale penye nguzo, kwa sababu maji yakizuiwa huzunguka na kuvuruga chini. Tena hufanya hila moja mbaya: mafuriko yakipungua, mchanga mlaini hurudi na kulijaza shimo. Mkaguzi afikaye siku tatu baadaye hukuta sakafu ya mto imelala sawa, akaweka sahihi. Mchanga ule hauna nguvu ya kushika kitu. Ukitia nondo huzama kama katika unga.

Wengi wetu tuliosoma shule za misheni tulifundishwa mapema habari za mtu mpumbavu aliyejenga juu ya mchanga. Somo lile ni jema kwa kazi yake, lakini mtu wa reli asilichukue kuwa ni somo la ujenzi. Mchanga uliobanwa, uliotulia mahali pake, hushika nguzo vizuri, pengine kuliko mfinyanzi mlaini. Hata nyumba ile haikuanguka jua likiwaka. Ilianguka siku ya mafuriko na upepo, yaani siku mchanga ulipochukuliwa na ubavu uliposukumwa.

Hatuhitaji kukumbushana habari ya Januari 1993, lakini vijana walioingia kazini majuzi huenda hawaijui. Treni ya abiria ya njia ya Nairobi na Mombasa ilitumbukia katika mto Ngai Ndethya usiku. Mafuriko yalikuwa yamelidhoofisha daraja. Watu zaidi ya 100 walikufa. Mto huo, wenzetu wa sehemu zile wanajua, siku nyingi za mwaka ni mchanga mkavu tu ambao mbuzi huvuka bila kulowa kwato.

Na huo mchanga mkavu siku hizi una bei. Malori huingia katika mito ya Ukambani kuchukua mchanga wa kujengea majumba ya mijini. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, kwa kuwa mito ilikuwa ikikauka na kingo kubomoka. Hatuwatukani wachimbaji. Ni vibarua kama sisi, hulipwa kidogo, na wako waliofukiwa na kingo walizokuwa wakizichimba. Lakini mchanga ukitolewa karibu na daraja, sakafu yote ya mto hushuka, na nguzo hubaki uchi bila mafuriko yoyote. Ureno ilijifunza hayo tarehe 4 Machi 2001. Daraja la Hintze Ribeiro, juu ya mto Douro, lilianguka usiku, na watu 59 waliokuwa ndani ya basi na magari walikufa. Mchanga ulikuwa umechimbwa kwa miaka katika mto ule, na maji ya mafuriko yakamalizia udongo uliobaki chini ya msingi.

Wako watakaosema kwamba kazi ya genge ni kokoto, mataruma na boliti, na kwamba nguzo za msingi zina wataalamu wake. Hatubishani na wataalamu. Hesabu zao tunaziheshimu, na katika habari hii tumezitegemea. Lakini hesabu ya injinia iliandikwa kwa udongo aliopimiwa siku ile daraja lilipochorwa. Udongo ukiondoka, karatasi haijui. Injinia hupita kwa wakati wake. Genge hupita kila siku. Na madaraja ya njia mpya, iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, yana nguzo ndefu sana mahali pengi. Kadiri nguzo inavyorefuka ndivyo breki ya treni inavyopata mkono mrefu wa kuupinda msingi. Kwa hiyo neno letu si la madaraja ya zamani tu.

Wengine watasema genge likipewa amri ya kusimamisha treni, treni zitasimamishwa kwa uvivu. Hilo ni tusi, nasi tumelizoea. Mtu anayesimamisha treni bila sababu hupoteza kazi yake. Hakuna anayefanya mchezo huo akiwa na watoto shuleni.

Tunayoyataka si mengi wala si ya gharama. Twataka kila nguzo ya daraja ipigwe alama mbili za rangi. Alama nyeupe ionyeshe udongo ulikuwa umefika wapi daraja lilipokamilika. Alama nyekundu iwe chini yake, mahali ambapo injinia mwenyewe atapachagua kwa hesabu zake, na ikizikwa ardhini leo si kitu, maana siku itakapoonekana ndiyo siku yenyewe. Alama nyekundu ikitokeza, treni isipite mpaka injinia afike. Hapo hatuhitaji kubishana na mtu kuhusu mita 20. Mtu aliyesoma mpaka darasa la nne aweza kuona rangi nyekundu.

Twataka kila genge lipewe nondo ya kuchomea, na baada ya kila mafuriko mchanga uchomwe kuizunguka nguzo, si kutazamwa tu. Kina ambacho nondo imezama kwa mkono kiandikwe katika daftari pamoja na tarehe.

Twataka kontrakta yeyote asichimbe wala asirundike udongo karibu na msingi wa daraja bila karatasi yenye sahihi ya injinia wa reli, na karatasi hiyo ioneshwe kwa mnyapara wa genge kabla mashine haijawashwa. Asiye na karatasi, mashine yake ikae.

Na twataka mzee wa genge akiuliza swali, jibu liandikwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inampasa mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, na inamkataza tajiri kumrudisha mfanyakazi mahali pa hatari hiyo kabla haijarekebishwa. Kwa hiyo mzee yule alipouliza kuhusu mtaro hakuwa akijipenyeza katika kazi za wakubwa. Alikuwa akitimiza sheria, na ni yule aliyemjibu kwa mzaha ambaye alipaswa kutoa hesabu.

Makatibu wa matawi wanaombwa walete majina ya madaraja ambayo wanachama wameona udongo umeshuka, mchanga unachotwa, au mtaro umefukiwa bila kushindiliwa. Waandike jina la mto, kilometa ya njia, na upande upi wa nguzo. Kama mwenye kuona hajui kuandika, mwenzake amwandikie. Msitume habari ya kusikia. Nendeni mkachome nondo kwanza.